Salama Iliyotangulia

Lindi mjini wako watu watakaokuapia kwamba Nassibu Mfaume hana adabu. Kutana naye sokoni asubuhi, mwambie, "Habari za kuamka?" halafu uone. Hatakujibu ng'o. Atakutazama, macho yatahama kama ya mtu anayekumbuka kitu alichosahau nyumbani, na wewe umeshachoka kusimama na kikapu chako ndipo atakapofungua mdomo: "Nimeamka. Mguu unaniuma. Mke wangu nimemwacha amelala, sijui ameamkaje." Jamani! Nani kamuuliza mguu? Mtu umetaka "salama" yako upite zako ukanunue dagaa kabla hawajaisha.

Vijana wa stendi wamempa jina, wanamwita Bwana Subiri. Wazee wanasema ni kiburi cha kompyuta. Wote wamekosea, na kukosea kwao kunakera, maana Nassibu hakuzaliwa hivyo. Alikuwa mtu wa salamu kwelikweli, wa kuvua kofia na kuinama, shikamoo zake zikisikika ng'ambo ya barabara. Adabu hiyohiyo ndiyo iliyomponza. Ikamvunja moyo, na moyo wenyewe haujaunga mpaka leo.

Kwao ni Mingoyo, pale barabara ya Mtwara inapoachana na ile ya kwenda Masasi. Mama yake, Bi Adija, alikuwa mkulima wa korosho na mihogo. Mumewe alifariki Nassibu akiwa hajang'oa hata jino la utoto, na dada yake Samia bado yuko mgongoni. Basi mtoto akawa ndiye mguu wa nyumba. Nassibu, kaazime chekeche kwa shangazi. Nassibu, kaulize kama mashine ya kusaga imewashwa. Nassibu, kamwambie mwalimu Samia ana homa. Siku moja alitumwa kwa shangazi, njiani akakuta wenzake wanacheza gololi, akazama mchezoni. Jua lilipopinda akakumbuka, akarudi mbio na uongo wake mkononi: "Shangazi kasema hana." Bahati mbaya shangazi mwenyewe alikuwa ameketi uani kwao, anakunywa uji.

Shangazi alicheka mpaka akamwaga uji. Mama hakucheka, wala hakumpiga. Alimkalisha chini akamwambia, "Kama hukufika, niambie hukufika. Nitakasirika, halafu nitapoa. Lakini ukinitungia jibu, mwanangu, mimi nitalifuata hilo jibu lako. Nitafika wapi?" Nassibu aliona aibu iliyomkaa siku nyingi. Tangu hapo akawa mtoto wa kutumwa popote, na jibu lake likaaminika kijiji kizima.

Ikaja ile miaka ya soko huria. Wanunuzi binafsi wa korosho wakamiminika na mizani zao, maduka yakajaa vitu, redio zikawa nyingi kuliko masikio, na simu za mkononi zikaingia hadi kwa wauza samaki. Dar es Salaam vyuo vya kompyuta vikaota kama uyoga, kingine juu ya duka la mitumba, kingine nyuma ya saluni. Nassibu akapelekwa kimoja kati ya hivyo kwa korosho za mama yake, msimu baada ya msimu. Wenzake aliosoma nao walibaki mjini wakavaa tai. Yeye alirudi Lindi. Walipomshangaa aliwajibu kwamba mama yuko peke yake na kifua chake si kizuri, na mtandao unafika kokote penye dishi. Akapanga chumba cha kazi karibu na stendi pamoja na binti mmoja wa Newala, Skolastika, Mmakonde mwenye mkono mwepesi kwenye kibodi na mdomo mwepesi zaidi. Wakawa wanatengeneza kurasa za mtandao kwa anayetaka.

Sasa, ili mjue kilichompata, lazima mjue kazi yenyewe. Enzi zile ukurasa wa mtandao ulikuwa kama mtu anayeulizwa jambo dogo, yeye akabomoa nyumba nzima na kuijenga upya ndipo akujibu. Unabofya mahali pamoja, ukurasa wote unafutika, unabaki umekodolea weupe mtupu, kisha unarudi kipande kwa kipande na mapambo yake yote. Kwa intaneti ya dishi ya huku kwetu, hapo katikati ungeweza kwenda kuswali ukarudi. Lakini ilikuwa imetoka mbinu mpya, wenyewe wakiiita Ajaksi. Ukurasa unatulia palepale machoni pako. Chinichini unapeleka ombi dogo kwa seva, ile kompyuta inayotunza habari. Seva inarudisha jibu dogo, na ukurasa unabadilisha mstari mmoja tu. Nassibu aliipenda mbinu hiyo vibaya sana. Ilimkumbusha utoto wake, kutumwa na kurudi na jibu bila kuvuruga nyumba.

Jambo moja tu lilikuwa gumu: seva haianzi mazungumzo. Ni kama mwali ndani, hata awe na jambo la kukuambia, hasemi mpaka aulizwe. Kwa hiyo ukurasa lazima uulize, ungoje, uulize tena. Nassibu aliupanga hivyo, uwe unabisha hodi kila baada ya muda.

Mteja wao mkubwa wa kwanza alikuwa hospitali moja ya misheni jirani na Lindi. Wagonjwa wake walitoka mbali, hata Kilwa, na ndugu zao waliachwa kule bila habari. Walikuwa wakipiga simu ya wodi mpaka wauguzi hawapati nafasi ya kushika sindano. Hospitali ikataka njia nyingine. Muuguzi aandike hali ya mgonjwa kwenye kompyuta ya wodi, na ndugu aisome kwenye intaneti kafe iliyo karibu naye. Pale Kilwa Masoko kafe ilikuwa ya Bi Sauda, mjane wa watu, mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kusikika bandarini. Wasiojua kusoma yeye ndiye aliyewasomea.

Siku ya kwanza tu, balaa. Bibi mmoja alivuka kutoka Songo Mnara kuja kuuliza hali ya mumewe. Nassibu alikuwa amepanga jibu lote lije kwa mkupuo, na lilikuwa limefungwa maboksi ndani ya maboksi kama walivyofundishwa chuoni, zito kulivuta. Ombi likaenda. Mahali pa jibu pakabaki peupe. Bibi akatazama ule weupe, akangoja, akatazama tena, akaona sanda. Alipiga yowe, wanawake waliokuwa wakichungulia dirishani wakapokea, kafe nzima ikawa matanga. Ndipo jibu likaingia: mgonjwa anaendelea vizuri, amekula ugali, anaulizia tumbaku yake.

Bi Sauda akampigia Nassibu simu. "Wewe Nassibu, umelelewa na watu wewe? Mtu kauliza habari, unamkalisha mbele ya ukuta mweupe! Hata adui wako akikuuliza hali unamwitikia salama kwanza, mengine yafuate. Huyo seva wako hakufundwa?"

Na alisema kweli. Nani kati yetu hafanyi hivyo? Mkute mtu anatoka msibani, kanga kaifunga kiunoni, macho mekundu, umuulize habari za huko. Atakujibu salama. Kisha atavuta pumzi: "Ila yule mzee hatunaye." Huo si uongo. Ni kumshika mtu mkono kabla hajakanyaga shimo, na kila aliyekuzwa pwani hii anajua kwamba habari yenyewe iko baada ya "ila".

Nassibu alikaa akaufundisha ukurasa wake adabu. Aliyavua majibu yale maboksi yakawa mistari mifupi. Akaweka nakala ya ukurasa ndani ya kompyuta ya kafe yenyewe ili ufunguke papo hapo bila kungoja dishi. Na mahali palipokuwa peupe akaandika kwa mkono wake: *Salama. Habari zaidi zinakuja.* Mtu akifungua, anaitikiwa mara moja. Jibu la seva likifika linajipanga chini yake, nalo limetanguliziwa salama yake. Kama muuguzi hajaandika jipya, seva inarudisha mikono mitupu na salama inabaki peke yake.

Akaondoa na yale maandishi mekundu. Zamani ombi likishindikana njiani ukurasa uliandika "hitilafu", na mzee mmoja alilia akidhani ndilo jina la ugonjwa wa mwanawe. Sasa ombi likipotea, ukurasa unanyamaza na kujaribu tena. Watu wasitishwe bure.

Skolastika alisoma ile programu akakuna kichwa. "Mtani wangu, hii salama imetoka kwa nani?"

"Kwa ukurasa."

"Ukurasa umemwona mgonjwa?"

"Skola, ninyi watu wa milimani hamjui ustaarabu. Hiyo ni salamu tu."

"Na sisi Newala tunaitikia salama, usijitie. Lakini kwetu huitikia mtu aliye ndani ya nyumba. Wewe umeufundisha mlango kuitikia."

Walicheka wote wawili. Utani wa Mmakonde na Mmwera nani aubebe moyoni? Isitoshe, watu wa Kilwa waliupenda ukurasa ule sana. Hata wauguzi walijifunza lugha yake. Kifo hawakukiandika kamwe. Waliandika "Ndugu wafike hospitali," na Bi Sauda akishasoma maneno hayo alikuwa anafunga kafe na kumsindikiza mhusika mwenyewe. Simu ya wodi ikapumua. Ukutani pakabandikwa tangazo, Nassibu ndiye aliyeliandika: *Usipige simu, tazama ukurasa.*

Ndipo kifua cha Bi Adija kikaamua.

Alilazwa hospitali ileile, miguu imevimba, pumzi fupi. Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya. Ya pili akapata nafuu, akaanza kugombana na wauguzi kuhusu uji wao usio na nazi, na Nassibu akashukuru Mungu, kwa kuwa mama akigomba ni mzima. Kipindi hichohicho Bi Sauda alikuwa anafungua kafe nyingine Kilwa Kivinje na alimtaka Nassibu aje kufunga kompyuta na dishi. Kazi ilishaahirishwa mara kadhaa. Nassibu akaenda kuaga wodini.

"Nenda, mwanangu," Bi Adija alimwambia. "Ila usikae. Sijisikii vizuri ukiwa mbali."

"Mama, mimi si ndiye mwenye mtambo? Hali yako ikibadilika hata chembe, nitaona kabla ya watu wote. Nitaona palepale, nitarudi palepale."

Samia, aliyekuwa akimuuguza mama, akauliza, "Na simu, kaka? Niazime kwa mtu nikupigie?"

"Simu ya nini? Ukutani hapo wameandika nini? Mwambie Nesi Dativa aandike tu. Atabonyeza, itakwenda, mimi nitaona."

Mama akamshika mkono, akauachia. "Haya. Kama utaona."

Mara ngapi ameukumbuka mkono ule! Ulikuwa wa moto na mkavu, na vidole havikuwa na haraka ya kuachia.

Alipanda basi la asubuhi. Barabara ilikuwa bado inatengenezwa, lami kidogo, mchepuko mrefu, vumbi mpaka kwenye meno. Alifika Masoko jioni na kitu cha kwanza, kabla ya maji ya kunywa, alifungua ukurasa. *Salama. Habari zaidi zinakuja.* Punde tu pakajipanga chini yake: *Salama. Amelala mchana. Amekunywa uji. Anasema hauna nazi.* Bi Sauda alimsomea kila mtu aliyekuwamo, na kafe nzima ikamcheka mama huyo wa hewani ambaye hawajawahi kumwona. Nassibu alilala usingizi mzuri.

Kesho yake asubuhi wakahamia Kivinje. Kafe ilikuwa ndani ya jumba moja la kale, kuta nene kama za ngome, kwa hiyo dishi liliwekwa juu ya paa na waya ukashushwa kupitia tundu la dirisha. Nassibu alipachika kila kitu, akaweka ile nakala ya ukurasa kwenye kompyuta mpya, akaufungua kujaribu. Ukafunguka kama umeme. *Salama. Habari zaidi zinakuja.*

"Mama hajambo?" Bi Sauda aliuliza akipanga viti.

"Salama. Nesi hajaandika jipya."

Akaendelea na kazi. Kila alipopata nafasi alitupa jicho: salama. Adhuhuri, salama. Walikula wali na pweza palepale juu ya maboksi ya kompyuta, akanawa, akatazama: salama. Moyo wake ulikuwa mweupe kabisa. Alifundisha wasichana wa Bi Sauda kuwasha na kuzima, akapiga misumari, akaimba. Aliimba, jamani, msikie hivyo. Jioni Bi Sauda alimwuliza kama anataka kurudi Lindi asubuhi. Akatazama ukurasa, akasema bado kuna mashine ya kuchapisha haijakaa sawa, na mama yuko salama, atamalizia kesho ndipo aondoke.

Asubuhi ya pili, salama.

Ilipokaribia saa sita Bi Sauda alikaa kwenye kompyuta moja kusoma barua pepe ya mwanawe aliyeko Zanzibar. Akabonyeza, akasubiri, akasonya. "Nassibu, hii barua pepe yangu ina nini? Tangu jana nabonyeza haitoki, nikasema nisikusumbue."

"Tangu jana?"

"Tangu tuhamie."

Nassibu alikuwa ameinama kwenye mashine ya kuchapisha. Aliinuka polepole. Siku mbili nzima alikuwa akifungua ukurasa mmoja tu, ule wake, na ule ulifunguka kwa sababu ulikuwa umelala ndani ya kompyuta ileile, haukuhitaji dishi wala mbingu. Ulikuwa ukibisha hodi Lindi, hodi haifiki, unanyamaza, unabisha tena. Kama alivyoufundisha. Nesi asipoandika kitu, salama inabaki peke yake. Njia ikikatika, salama inabaki peke yake. Mtu aliyekaa mbele ya kioo hana namna ya kutofautisha, hata kama mtu huyo ndiye aliyeuandika.

Hata yeye! Maana mwingine angesema alidanganywa. Nassibu alijua, alikuwa anajua muda wote, kwamba ile salama haikutoka wodini. Haikutoka Lindi. Aliiandika mwenyewe chumbani pale karibu na stendi, Skola akimcheka. Siku mbili alikuwa akijiuliza hali ya mama na kujiitikia. Lakini ukilitaka neno fulani kwa moyo wote, halafu ulione limeandikwa, utauliza limetoka wapi?

Alipanda paani bila kuvua viatu. Waya ulikuwa umechomoka kwenye dishi, kichwa chake kinaning'inia. Labda waliuvuta siku ile walipoupitisha dirishani. Aliukaza, akashuka, akasimama mbele ya kompyuta. Ukurasa ukabisha hodi tena, na safari hii hodi ikaitikiwa. Yakaja yote pamoja, yakajipanga moja chini ya jingine, na kila moja limetanguliziwa adabu yake:

*Salama. Hali imebadilika tangu asubuhi. Pumzi nzito.*

*Salama. Mgonjwa anaomba mwanawe aje leo.*

*Salama. Mgonjwa anamuuliza Nassibu.*

*Salama. Ndugu wafike hospitali.*

Bi Sauda alisoma kwa sauti kama alivyozoea, mpaka kwenye mstari wa mwisho. Aliushika mkono wa Nassibu. Nassibu aliutazama ule mstari na kuiona salama yake juu yake, nzuri, imenyooka, kama mgeni aliyevalia arusi akaingia msibani. Alitamani kuivunja kompyuta ile. Hakuivunja. Aliuliza tu, kwa sauti ya mtoto, gari la kwenda njia panda ya Nangurukuru linapatikana wapi.

Alipata pikipiki, kisha lori la mabomba lililokuwa likienda kwa wajenzi wa barabara, kisha basi la kutoka Dar. Hakwenda hospitalini. Maiti wetu hawakawizwi kuzikwa, na alijua hawezi tena kumkuta mama wodini. Akateremkia Mingoyo jua likiwa linashuka nyuma ya mikorosho.

Wanaume walikuwa wameketi kwenye mikeka mbele ya nyumba. Walipomwona wakasogeza miguu wampishe, na yule aliyekuwa akisoma Yasini akashusha sauti. Majembe yalikuwa yameegemezwa ukutani, udongo wake bado mbichi. Samia akatoka ndani, kanga kajitanda gubigubi, macho yamevimba. Wakasimama wakitazamana, na mdomo wa Nassibu ukafanya kile uliozoea kufanya kila afikapo nyumbani.

"Habari za hapa?"

"Salama," Samia akaitikia. Naye mdomo wake ulikuwa umezoea. Akavuta pumzi. "Salama, kaka. Ila mama hatunaye. Tumekusubiri mpaka alasiri, watu wakasema maiti asicheleweshwe zaidi."

Nassibu alishika nguzo ya baraza. Alikuwa anajua tangu Kivinje. Alikuwa na safari nzima ya kujua. Lakini ile salama ilimpiga kifuani kwanza kabla ya neno lenyewe, akakaa chini palepale kizingitini, akalia mbele ya wanaume bila kujificha uso.

Samia alikaa karibu naye, akamwekea mkono begani. Alidhani anajilaumu kwa kuchelewa tu, na kwa huruma yake akataka kumpunguzia.

"Usilie hivyo, kaka. Hakuondoka na kinyongo. Jana kutwa alikuwa akiuliza, 'Nassibu ameona?' Nesi Dativa alibonyeza mbele ya macho yangu, ikaandika imetumwa. Nikamwambia ameona, mama. Akasema, 'Basi kama ameona, yuko njiani.' Akatulia. Jioni upepo ulivuma nesi akataka kufunga mlango wa wodi, mama akakataa. Akasema usifungwe, mwanangu anaingia sasa hivi. Akalala anautazama." Samia akajifuta macho kwa pindo la kanga. "Njia ilikuwa mbaya, eti? Gari liliharibika? Tulisema lazima limeharibika. Habari za huko, kaka?"

Nassibu akafungua mdomo. Neno lilikuwa pale pale ulimini, lile lile, na nyuma yake lilikuwa limejipanga gari, limejipanga daraja, umejipanga mchepuko wa barabara. Dada yake ameshamtengenezea jibu lote, kilichobaki ni yeye kuitikia tu. Nani angemlaumu? Wanaume mikekani walikuwa wameshaanza kutikisa vichwa kwa ubovu wa njia. Akamsikia mama yake uani, shangazi akimwaga uji: kama hukufika, niambie hukufika.

"Sikuona," akasema.

"Hukuona nini?"

"Sikuona chochote, Samia. Waya ulichomoka. Tangu jana asubuhi hakuna kilichonifikia. Sikuwa njiani. Nilikuwa Kivinje nimekaa, napiga misumari, naimba."

Samia aliuondoa mkono begani kwake, akaupeleka mdomoni. Akautazama mlango wa nyumba yao uliokuwa wazi na wanawake ndani.

"Mimi nilimwambia umeona," akasema. "Kaka, kila alipouliza nilimwambia umeona."